Taa ya Chumba cha Mwali

Juzi wamekuja kuniambia Marselino amefariki. Wamekuja watu watatu kwa nyakati tofauti, kila mmoja na sura yake ya msiba, na kila mmoja akanieleza jinsi marehemu alivyokuwa mpole, mtu wa watu, hana makuu. Nikawaitikia. Nikasema poleni, Mungu ampumzishe. Walipoondoka nikarudi kwenye ungo wangu wa mchele, nikapepeta kwa hasira, maana miaka minne imepita na bado sijajua nimchukie vipi mtu yule. Alikuwa mwema, hilo sibishi. Mie nilikuwa kungwi wa kuitwa Tandika nzima, kazi niliyoirithi kwa bibi mzaa mama, na wema wa Marselino ndio ulionivua ukungwi wangu. Basi kwa kuwa wenzangu wamemaliza kumsifu, acheni na mie nimweleze ninavyomjua.

Kwao ni Mbinga. Alikuja Dar kijana mbichi, akaajiriwa kwenye kiwanda cha serikali cha kuunganisha redio. Alikaa meza ya mwisho. Redio zikishafungwa zinapita mbele yake, anavaa hedifoni, anafumba macho, anazisikiliza moja moja, anaandika kasoro kwenye karatasi: hii inakwaruza, hii inanong'ona, hii ina mluzi kwa mbali. Miaka kumi na tano aliifanya kazi hiyo mpaka ikamwingia mwilini. Ukizungumza naye anainamisha kichwa upande, unadhani anatafuta kasoro kwenye koo lako. Ukimwambia jambo leo, mwezi ujao atakurudishia neno kwa neno na pale ulipokohoa atakutajia. Sie majirani tulikuwa tunamtumia kuamua mabishano. Mtu akikana alichosema, tunamwambia twende kwa Marselino, na mara nyingi hata safari hiyo haikufika, mwenyewe anakiri njiani.

Mwaka wa tisini na mbili wakaanza kuwapunguza kazini. Redio za Dubai zilikuwa zimejaa Kariakoo, nyepesi, zinang'aa, nani atanunua za kiwandani? Marselino akapewa barua na cheti cha utumishi mwema. Mkewe alivumilia kidogo, kisha akachukua watoto akarudi nao kwao. Yeye akaja Tandika, akapanga chumba uani kwa Shomari kinyozi, akafungua kibanda cha kutengeneza redio mlangoni kwake. Cheti akakitundika ukutani, na mteja akiingia lazima akisome kwanza. Watu walimcheka kwa hilo, na mie nilicheka.

Ndipo ilipokuja ile kazi ya taa. Enzi zile za ruksa, biashara zimefunguliwa, kila mtu alikuwa na duka, na kila duka lilikuwa na mwizi wake. Mume wangu Mbwana alikuwa na stoo ya vipuri vya magari pale sokoni Tandika, imeshavunjwa mara mbili, na mlinzi mara zote mbili aliamshwa na polisi. Marselino akamwambia, nitakufungia taa inayosikia. Akakaa akatengeneza kidude, ukubwa wake kiberiti, chenye maikrofoni ndogo ndani. Kinaokota sauti ya chumba, kinaitupa hewani bila waya wa kuiunganisha popote, na wewe nyumbani unaipata kwenye redio yako ya kawaida. Aliipeleka upande wa FM, ambao wakati ule ulikuwa mtupu. Hapakuwa na stesheni hata moja huko, ukifungua unasikia upepo tu.

Kazi ngumu ilikuwa kukificha. Alitaka kikae ndani ya taa ya tyubu, ile ndefu yenye boksi la bati, kwa sababu mwizi hatazami taa, na taa ina umeme wake tayari. Kumbe bati linameza mawimbi, na ile chok, kidude kizito cha kuiwashia taa, inavuma, ukikipachika ovyo utasikia nyuki peke yake. Alihangaika nacho wiki nzima. Mwisho akakipeleka ncha ya mbali na chok, akakilaza juu ya kipande cha ndala kuukuu kisiguse bati, akatoboa tundu, akautoa waya mwembamba nje na kuulaza pembeni ya silingibodi, urefu aliupima kwa rula. Alisema ukiukata waya ule inchi mbili tu, sauti inapotea. Haya yote alinieleza mwenyewe, amekaa kwenye kibaraza changu anakula chapati zangu, uso umemchangamka. Nilimsikiliza kwa adabu, maana nilijua ni mambo ya stoo.

Na stoo ilisikika kweli. Jioni moja Mbwana anakula, redio iko pembeni, akasikia nondo inagongwa kwenye kufuli. Akaita watu wakakimbia, wezi wakakutwa mlangoni. Soko zima likataka taa inayosikia, na Marselino akawa anaonekana juu ya ngazi kila siku. Kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe kiwandani nilimwona amenunua shati jipya.

Sasa huyu Mbwana. Mume wangu alikuwa na wivu wa kipuuzi. Wanaume hakuwaonea wivu hata kidogo. Aliwaonea wivu wanawake. Nyumbani kwetu kulikuwa na chumba cha ndani ambamo nilimweka mwali na kumfunda kabla ya harusi, na chumba hicho mwanamume haingii, hasimami dirishani, wala haulizi. Mbwana ni mtoto wa pwani, hakuhitaji kufundishwa hilo. Lakini kila wanawake walipocheka mle ndani alijua anachekwa yeye. Aliwahi kuniuliza, nyie mnasemaga nini humo? Nikamjibu mambo ya wanawake. Akanuna siku mbili, na mie nikamwacha anune.

Katikati ya mwaka wa tisini na nne taa ya chumba kile ikagoma kuwaka. Mbwana akasema chok imekufa, atamleta Marselino. Akaja na mfuko wake, akapanda stuli, akakaa huko juu asubuhi nzima. Nikajiuliza ni chok gani hiyo. Kumbe Mbwana alishamwambia kwamba mle ndani huwekwa dhahabu za maharusi na wezi wameshazinusa, na kwamba mama wa nyumba anajua kila kitu. Marselino ni mtu wa bara, Mkatoliki, angejuaje chumba cha mwali ni kitu gani? Alipomaliza akaniambia, "Mama, hebu sema chochote." Nikamuuliza niseme nini na taa. Nikasema haya, taa, waka basi. Akacheka, na mie nikacheka, akashuka. Nikampakulia wali na samaki wa nazi, akala akashiba.

Mwali wangu mwezi ule alikuwa Rukaiya, binti wa mtaa wa pili. Nilikaa naye ndani siku saba. Madirisha tunayaziba kwa kanga, kwa hiyo taa inawaka tangu asubuhi, na kile kidude kilikuwa kinakula umeme wa taa. Taa ikiwaka, nacho kiko kazini. Niliyokuwa namwambia Rukaiya mle ndani siwezi kuyaeleza hapa. Ni maneno na nyimbo za bibi yangu, alizopewa na bibi yake, na mwali anaapishwa asiyatoe kwa mwanamume hata awe mumewe. Kungwi kazi yake ni hiyo tu, kuyatunza. Akiyatoa nje si kungwi tena.

Wiki hiyohiyo ikaanza redio ya mtu binafsi, ya FM. Mnakumbuka wazimu ule. Tumezaliwa na redio moja ya serikali, leo kuna nyingine, inapiga muziki kutwa. Tandika nzima ilikuwa inazungusha kitufe kuitafuta. Shomari kinyozi alikuwa na redio kubwa, spika ameitoa nje kwenye benchi la wanaume wanaosubiri kunyolewa. Siku ya tatu ya mwali, yuko kwenye kuzungusha, ikaingia sauti ya mwanamke anafunda. Wakadhani ndiyo yenyewe, stesheni mpya na kipindi chake cha akina mama. Shomari akaongeza sauti, akatia na kaseti kurekodi. Kabla ya wiki kwisha kaseti ile ilikuwa inanakiliwa sokoni na kupigwa kwenye vibanda vya kahawa.

Mie sikujua lolote. Siku ya saba nikamtoa mwali, nimemfunika kanga, wanawake wanapiga vigelegele, tukapita mbele ya kwa Shomari. Nikajisikia mwenyewe naimba. Rukaiya akanibana mkono. Vigelegele vikafa kimoja baada ya kingine, na wanaume kwenye benchi wakatazama chini. Kuna mmoja alikuwa anatabasamu. Sura yake ninayo mpaka leo.

Likatoka neno kwamba mie Chausiku nimeyauza mambo ya wanawake redioni. Mama yake Rukaiya akamchukua mwanawe palepale barabarani, hakunipa hata kwaheri. Upande wa bwana harusi wakasogeza harusi mbele. Bi Hija wa Mtoni, nyakanga wetu, mwanamke mkubwa kuliko makungwi wote wa Temeke, ndiye aliyenishika mkono nilipoanza kazi, akatuma ujumbe: Ijumaa baada ya Alasiri makungwi watakaa uani kwangu. Nikiwa na maelezo wanisikie. Nikikosa, wanivue.

Nikamuuliza Mbwana mara tatu kama anajua lolote. Kumbe anajua yote. Alikuwa anasikiliza sokoni, stoo ameifunga, sikio kwenye redio. Mwanamume mzima akanijibu kwamba huenda ni majini.

Alhamisi akaja Marselino. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema ni kidude changu, mama. Alikuwa ameisikia ile kaseti kwa Shomari, na chini ya sauti yangu akaisikia chok ya taa inavuma, akaitambua kwamba ni ya chumba kile, aliifunga mwenyewe. Akanieleza yote, dhahabu, wezi, na kwamba alidhani najua. Nilimzaba kofi. Sikulijutia siku ile na silijutii leo. Hakuugusa hata uso. Akasema kesho atakuja aseme mbele ya wanawake wote. Nikamwambia kurusha mambo hewani bila kibali ni jela, akasema analijua hilo, na Segerea nako kuna watu. Nikaingia ndani nikalia, maana niliona nimepona.

Yaliyofuata baada ya Ijumaa nitayasema upesi, nimalizie na Ijumaa yenyewe, ndiyo iliyonikaa kooni. Polisi hawakuja. Mbwana nilimdai talaka yangu. Akasema taa ni yake na nyumba ni yake, nikamwambia basi abaki navyo. Akanipa, nikatoka, nikapanga hapa Yombo nauza mchele. Rukaiya aliolewa, alifundwa upya na kungwi wa Mbagala, hanisalimii. Marselino akafunga kibanda, akahamia Pugu, akawa anatengeneza pasi na majiko ya umeme. Taa hakugusa tena, wanasema. Alikuwa akinitumia salamu kila Krismasi, na mie sikumjibu hata moja.

Ijumaa wakaja makungwi tisa. Nikatandika mikeka, hakuna aliyekunywa chai yangu. Bi Hija akaketi katikati. Marselino akasimama kwenye mlango wa ua, maana ua ule siku ile ulikuwa wa wanawake, akatoa shikamoo, Bi Hija akaitika kwa shingo upande. Alikuwa ameishusha taa yote. Akailaza chini, akafungua boksi, akawaonyesha kidude, kipande cha ndala, ule waya. Aliwaeleza vizuri, kwa upole, kama mwalimu. Wakainama wakatazama.

Mmoja akasema hicho ni kiberiti kimefungwa nyaya, kinasemaje? Marselino akasema atakiwasha wasikie wenyewe. Umeme haukuwepo. Mgao wa mwaka ule ulikuwa umeanza mwali ameshatoka, Temeke tulikuwa tunaupata siku mbili tunakosa siku mbili, na Ijumaa ile ilikuwa zamu yetu ya kukosa. Yule mwanamke akasema anaona sasa, Chausiku amemtafuta mtu wa bara na bati lake aje kumtetea. Wenzake wakaguna kukubali. Nikawatazama nyuso, nikajua ninavuliwa.

Marselino akasema, "Bi Hija, mie nilisikia."

Akaeleza kwamba akifunga kitu lazima akisikilize, ndiyo kazi aliyofundishwa. Siku ya kwanza ya mwali alikaa kibandani na redio yake anapima kama sauti iko safi. Hakuelewa ni mambo gani, alidhani ni wanawake wanaimba wakifanya kazi. Siku ya kwanza. Kaseti ya Shomari ilianzia siku ya tatu, na hilo kila mtu pale uani alilijua, maana wote walishaisikia. Bi Hija naye akaliona. Akasema atajiwe neno moja tu la siku ya kwanza, moja, ndipo ataamini kwamba kidude hicho kina masikio.

Ningelikuwa na akili ningelikimbilia mlango ule nimzibe mdomo. Lakini neno moja, nilisema moyoni, na liende. Nilitaka kupona.

Marselino akainamisha kichwa upande. Akafumba macho, vile alivyofumba miaka kumi na tano kwenye meza ya kiwanda. Akaanza. Neno la kwanza lilikuwa sahihi. Bi Hija akainua mkono, imetosha, na Marselino hakuuona mkono. Akaenda la pili. Akaenda wimbo wa kumwingiza mwali, akauimba kwa sauti yake ya Kimbinga, taratibu, hakuruka kitu. Akatoa swali langu, akatoa jibu la Rukaiya, akataja pale mwali alipocheka na pale nilipokohoa. Nikamwita jina, hakusikia. Alikuwa mbali, anasikiliza. Mwanamume amesimama kwenye ua wangu mchana kweupe, na mdomoni mwake mna bibi yangu mzima. Makungwi wakajifunika kanga masikioni. Mmoja akaanza kulia kwa sauti, na yule aliyeniita mwongo akainuka akatoka kwa mlango wa nyuma bila viatu.

Bi Hija alibaki mpaka wenzake wakaisha. Akainama kwangu, akanishika bega, mkono wake mwepesi.

"Tumeamini, Chausiku. Hukuyauza," akasema. "Lakini maneno ya bibi yako yameshakaa kwenye kinywa cha mwanamume. Hatuwezi kumlisha mwali hayo tena."

Akaondoka. Akabaki mie, mikeka, na lile bati lililofunguliwa. Marselino akafika mwisho wa siku ya kwanza, akanyamaza, akafumbua macho. Alikuwa na jasho usoni, na ile furaha yake ya mtu aliyeikuta kasoro na kuimaliza. Akatazama mikeka mitupu.

"Mama, wameamini?"

"Wameamini."

"Mbona wameondoka? Nimekosea wapi?"

Nikamtazama mtu yule, na shati lake jipya. Nikamwambia kweli yake.

"Hujakosea, Marselino. Hujakosea hata neno moja."